Mbili katika Mia: Safari Yetu ya Kilembe, Mji wa Shaba

Sababu ya safari

Katika kurasa za kitabu hiki wenzetu wamewasimulia mwanzo wa parokia zetu, habari za shule za kwanza, na za watu waliobeba matofali kichwani ili makanisa yapate kusimama. Sisi tumeombwa kuandika habari za mji usio wa jimbo letu, wala si wa nchi yetu. Mji huo ni Kilembe, katika wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Pengine mtauliza, Kilembe yatuhusu nini katika yubile yetu? Twajibu hivi: yubile ni wakati wa kuhesabu, na mtu ahesabuye miaka yake hutazama yaliyopita, kisha hutazama na yale yanayokuja. Nasi watu wa Kagera tunalo jambo linalokuja.

Wengi wenu mwajua kwamba katika wilaya ya Ngara, mahali paitwapo Kabanga, ardhi inayo nikeli nyingi, pamoja na shaba na kobalti. Wachunguzi walianza kuipima tangu miaka ya 1970, na mwezi wa Januari 2021 serikali ya Tanzania ilitia sahihi mkataba wa kuuendeleza mgodi huo. Tangu hapo maneno ya mgodi hayaishi vinywani mwa vijana. Mmoja wetu, mwalimu, anaye mdogo wake aliyerithi shamba la migomba kwa baba yao. Kijana huyo alikuwa amekwisha kupata mnunuzi. Alitaka kuuza shamba lote, akajenge vyumba vya kupangisha huko mgodini. Mwalimu akamsihi angoje, naye akajibu, "Kaka, nionyeshe mji mmoja wa mgodi uliopungukiwa, nami nitangoja."

Basi katika likizo ya mwezi wa Juni tuliondoka, walimu wanne na wazee wawili wa parokia, na kijana yule pamoja nasi.

Njia ya kwenda

Tulivuka mpaka Mutukula, tukapita Masaka na Mbarara, migomba ikiwa kushoto na kuume kama nyumbani kwetu. Baadaye nchi ikateremka, tukaingia katika mbuga kubwa ya wanyama yenye jina la Malkia Elizabeth. Hapo Katunguru tulipita juu ya daraja la mfereji wa Kazinga, unaounganisha ziwa George na ziwa Edward, na mbele kidogo tukaukata mstari wa ikweta. Ndipo milima ilipoonekana mkono wa kushoto, vilele vyake vimefichwa na mawingu. Kilele kirefu kuliko vyote chaitwa Margherita, nacho kina mita 5,109. Watu wa kwao, Wakonzo, wamelima miteremko ile tangu zamani.

Kabla ya kupanda Kilembe tulisimama Kasese, tukaenda kuitazama stesheni. Hapa ndipo reli ya kutoka Kampala ilipokuwa ikikoma. Nyasi zilikuwa zimemea katikati ya vyuma, na mbuzi wawili walikuwa wakilisha penye njia ya gari moshi. Magari hayajaonekana hapa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kijana yule akauliza, "Waliijenga yote hii kwa ajili ya shaba tu?" Tukamwambia kwamba bila shaba huenda reli isingalifika hapa.

Jinsi shaba ilivyopatikana

Katika mwaka 1906 mtemi wa Kiitalia, Duke wa Abruzzi, aliipanda milima hii pamoja na wataalamu wake, na tangu safari ile habari za shaba ya Kilembe zikaanza kujulikana ng'ambo. Walakini kujua kwamba mali ipo si sawa na kuipata. Miaka zaidi ya arobaini ilipita bila ya kuchimbwa sawasawa, kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza, bahari ilikuwa mbali, kwani kutoka bonde hili hata Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,500. Ya pili, kuyeyusha shaba kwahitaji umeme mwingi, na nchi haikuwa nao.

Mwaka 1950 iliundwa kampuni iitwayo Kilembe Mines Limited, na fedha nyingi na mafundi wakatoka Kanada. Bwawa la Owen Falls likafunguliwa Jinja mwaka 1954, umeme ukapatikana, na tanuru la kuyeyushia likajengwa huko huko. Reli ikasogezwa kutoka Kampala kuelekea magharibi, kilomita zaidi ya 300, ikafika Kasese mwaka 1956, na mwaka ule ule kazi ya mgodi ikaanza kwa nguvu. Tena kituo kidogo cha umeme kikajengwa katika mto Mubuku kwa matumizi ya mgodi wenyewe. Tazameni, mji mmoja wa bondeni ulifungamana na reli, na bwawa, na tanuru, na bandari iliyo katika nchi nyingine. Kila kimoja kilimtegemea mwenziwe kama mawe ya kizingiti cha mlango. Likitoka moja, mlango wote hulegea.

Hesabu ya mgodi

Ninyi walimu mtapenda kujua jinsi kazi ilivyofanyika, maana ndani yake limo somo zima.

Wachimbaji waliingia mlimani kwa njia zilizochongwa ndani ya mwamba, wakatoboa matundu, wakapasua kwa baruti. Mawe yalitolewa nje, yakasagwa hata yakawa unga. Unga huo ulitiwa majini pamoja na dawa, kisha maji yakavurugwa yatoe povu. Chembe za shaba hushikamana na povu na kuelea, bali mawe matupu huzama. Povu likaenguliwa na kukaushwa, nayo shaba ile isiyosafika bado ikapakiwa Kasese katika gari moshi, ikapelekwa Jinja kuyeyushwa, na mwisho wake Mombasa na ng'ambo.

Sasa hesabu yenyewe ni hii. Katika maisha yote ya mgodi mkubwa wa Kilembe zilichimbwa yapata tani milioni 16 za mawe, na shaba iliyopatikana ni yapata tani 270,000. Maana yake, katika kila tani mia zilizotolewa mlimani, shaba iliyosafiri haikufika tani mbili. Zile tisini na nane zilibaki. Tulimpa kijana wetu hesabu hiyo pale pale kando ya njia, akaikokotoa kwa simu yake mara mbili, akanyamaza.

Tangu hapo safari yetu yote ilikuwa kuzitafuta zile tisini na nane.

Siku za kustawi

Tusiseme kwamba zile mbili hazikuwa kitu. Katika miaka ya 1960 shaba ilikuwa bidhaa ya tatu ya Uganda katika zile zinazouzwa nchi za nje, nyuma ya kahawa na pamba. Mshahara ulilipwa mwisho wa mwezi bila kukosa. Watu walikuja kutoka Kigezi, Toro, Kenya, Kongo na Rwanda, na kwa kuwa lugha zao zilikuwa nyingi, Kiswahili kikasikika bondeni, na hata leo katika wilaya ya Kasese hupati shida kukitumia. Walakini Wakonzo, ambao mlima ni wao, walilalamika mapema kwamba kazi zilizo bora ziliangukia wageni, na malalamiko ya namna hiyo yakaongeza uchungu katika siasa za nchi ile kwa miaka mingi.

Huko Kilembe tulipokewa na mzee mmoja aliyefanya kazi katika mashine ya kusagia mawe. Alitoka Kigezi akiwa kijana. Tuliketi barazani pake, katika mojawapo ya zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu safu juu ya mteremko, naye akatusimulia.

"Wanangu," alisema, "mji huu ulikuwa unang'aa usiku. Taa ikizimika, twaliita kampuni. Bomba likipasuka, twaliita kampuni. Mtoto akiugua, twampeleka hospitali ya kampuni, na akipona aenda shule ya kampuni. Hata mto ulipoanza kula ukingo, kampuni ilileta mashine, ikauchimba mkondo, ikaondoa mawe. Hatukuwa na shida ya kumjua mwingine wa kuitwa."

Mzee wetu mmoja wa parokia akamwuliza, "Na siku kampuni ilipoondoka?"

Akacheka kidogo. "Tuliendelea kuita."

Jinsi mji ulivyoanguka

Watu hupenda kutaja sababu moja ya kuanguka kwa Kilembe, lakini sababu zilikuwa nyingi, zikaja zikifuatana.

Mwezi wa Mei 1970 serikali ya Obote ilitangaza kwamba itachukua sehemu iliyo kubwa katika makampuni makubwa ya nchi. Januari 1971 Idi Amin akashika utawala kwa nguvu za jeshi, na mwaka 1972 akawafukuza Waasia, nao pamoja na biashara zao wakaondoka mafundi na wauzaji wa vipuri. Baada ya mwaka 1974 bei ya shaba ulimwenguni ikashuka ghafla. Mwaka 1975 Wakanada wakajitoa, mgodi ukabaki mikononi mwa serikali. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na ile reli moja iliyokwenda mpaka Mombasa ikagawanywa, kila nchi ikabaki na vipande vyake. Kisha vikaja vita vya mwaka 1978 na 1979, ambavyo sisi wa Kagera hatuna haja ya kusimuliwa, kwa maana vilianzia katika mashamba yetu.

Mashine hufa kwa kukosa kitu kidogo. Mzee yule alituambia kwamba walikuwa wakivunja mashine moja ili kutengeneza nyingine, hata zikabaki chache, na hizo chache zikakosa mafuta. Mapema katika miaka ya 1980 shaba ikakoma kutoka. Shaba yote mlimani haikuwa imekwisha, kwani wapimaji wanasema imebaki tani mamilioni za mawe yenye shaba. Kilichokwisha ni ule mfungamano tulioutaja, wa reli na tanuru na vipuri na bei na amani. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba mji wa mgodi huishi maadamu mali imo ardhini. Huweza kufa nayo ikiwa imo.

Baadaye serikali ya Uganda ilitafuta wa kuufufua. Mwaka 2013 mgodi ulikodishwa kwa kampuni ya Kichina, lakini mwaka 2017 mkataba ule ukavunjwa. Watu wa Kilembe wamekwisha kuzoea kusikia kwamba kazi itaanza. Mzee alisema kwamba kila wageni wenye kofia ngumu wapitapo, wanawake hutoa viti nje.

Tisini na nane zilizobaki

Katika mawe ya Kilembe, pamoja na shaba, limo jiwe jingine la rangi ya dhahabu, lililofanywa kwa chuma na salfa, na ndani yake kobalti kidogo. Wakati wa shaba walitenga jiwe hilo, wakalikusanya karibu na Kasese, wakitumaini kulitumia baadaye. Lungu la unga huo lilifika yapata tani milioni moja. Mvua iliponyesha juu yake, hewa na maji viligeuza salfa kuwa asidi, yaani maji makali yaunguzayo, nayo yakatiririka kuingia mbuga ya wanyama upande wa ziwa George. Palipopita maji yale majani yalikufa, pakabaki ukanda mtupu usioota kitu.

Katika mwaka 1999 kampuni moja ilianza kulitumia lungu lile kwa ufundi wa ajabu. Walitumia vijidudu visivyoonekana kwa macho, vipendavyo kula chuma na salfa. Vilipokula, kobalti ikafunguka, ikakusanywa na kuuzwa. Kazi hiyo iliondoa sehemu kubwa ya ile hatari, ikawapa watu ajira, ikamalizika mwaka 2013 kwa kuwa lungu lilikwisha. Twaitaja ili msidhani kwamba yote ya mgodi ni hasara. Takataka ya baba yaweza kuwa mali ya mwana, akiwapo mwenye elimu ya kuitumia.

Lakini makapi ya mawe yaliyosagwa, mamilioni ya tani, yalimwagwa bondeni kando ya mto Nyamwamba, na mengi yapo hata leo. Tuliyaona kwa macho yetu. Ni vilima vya rangi ya kijivu na manjano, majani machache juu yake, na chini yake nyumba na bustani za watu. Wataalamu waliopima udongo wa bustani za bonde lile wameona shaba na kobalti zikizidi kiasi kifaacho. Na kobalti na shaba ndivyo vilivyomo Kabanga pia, pamoja na nikeli, vimefungwa katika mawe yenye salfa kama haya. Kwa hiyo swali la makapi yatawekwa wapi, na nani atayalinda miaka hamsini baada ya mgodi kufungwa, si swali la Waganda peke yao.

Mto na hospitali

Mto Nyamwamba hutoka juu milimani, nao hupita katikati ya Kilembe kabla ya kufika Kasese. Mwaka 2012 moto uliunguza majani na miti ya sehemu za juu. Tarehe 1 Mei 2013 mvua kubwa ikanyesha, na mto ukashuka na mawe makubwa, mengine kama nyumba ndogo, na magogo, na matope. Watu walikufa, madaraja yakachukuliwa, nyumba za wafanyakazi zikavunjwa, hospitali ikaingiliwa na maji. Mwezi wa Mei 2020 mto ukarudi tena, nayo hospitali ikaharibiwa vibaya kuliko mara ya kwanza, hata ikabidi wagonjwa wahamishwe kupelekwa mjini Kasese.

Hospitali hiyo ndiyo iliyokuwa ya kampuni. Mgodi ulipokufa haikufa. Iliendelea kwa miaka mingi, jimbo la Kasese la Kanisa Katoliki likishiriki katika kuiendesha, ikitibu watu wa mlimani ambao hawakuwahi kupokea hata senti moja ya mshahara wa shaba. Katika vyote vilivyojengwa kwa shaba, nadhani hicho ndicho kilichowafaa wengi zaidi kwa muda mrefu zaidi. Na ndicho kilichosimama pasipo mlinzi siku mto ulipokuja, kwa maana yule aliyekuwa akiuchimba mkondo hakuwapo tena.

Tulisimama kando ya kuta zilizovunjika. Katika chumba kimoja maji yalikuwa yameacha mchanga hata ukafika dirishani. Mwalimu mmoja kati yetu, ambaye mama yake ni mkunga katika zahanati ya kwetu, alitoka nje upesi wala hakutaka kusema neno.

Yaliyo hai

Walakini msichukue picha ya mji wa makaburi. Kilembe yenye watu ipo. Tulisikia kengele ya shule, tukaona watoto wamevaa sare wakipita juu ya daraja la muda, kila mmoja akimshika mdogo wake. Nyumba za safu zimepakwa rangi mbalimbali, na mbele ya nyingine pana duka la sabuni au cherehani. Kituo cha umeme cha Mubuku, kilichojengwa kwa ajili ya mgodi, kilidumu kuliko shaba, umeme wake ukauzwa kwa nchi. Tena kijiji cha juu, Kyanjuki, kimekuwa mahali pa kuanzia safari za wapandao Rwenzori, na wajukuu wa wachimbaji huwachukulia wageni mizigo na kuwaongoza hata penye barafu.

Tulipokuwa tukiagana, kijana wetu alimwuliza mzee, "Baba, mbona hukurudi kwenu Kigezi kazi ilipokwisha?"

Mzee akamtazama muda kidogo. "Mwanangu, kwetu nilikuwa na sehemu yangu ya shamba. Niliiuza mwaka wa pili wa kazi. Nilinunua baiskeli, na kabati, na redio. Wakati ule niliona kwamba mshahara ndio shamba."

"Na hivyo vitu viko wapi?"

"Kabati lipo. Ingia ulitazame."

Akaingia, akakaa ndani kitambo. Alipotoka alimshika mzee mikono miwili, akainama kama tufanyavyo kwetu mbele ya wazazi. Njiani kurudi hakuzungumza habari za mgodi mpaka tulipovuka Mutukula.

Neno kwa parokia na kwa walimu

Wasomaji wapenzi, hatukwenda Kilembe ili turudi tukiwakataza watu kazi ya mgodi. Kazi ya mshahara ni heri kwa nyumba nyingi, na mali iliyomo ardhini iliwekwa ili itumike. Mgodi wa Kabanga ukianza na kustawi, tutafurahi, na vijana wetu waliosoma vizuri wapate nafasi zilizo bora, wasije wakaachiwa ufagio peke yake. Lakini Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Buyu la mgodi lina mwisho wake tangu siku linapofunguliwa, na mwenye busara huuliza habari za mwisho huo mapema, wakati wenye mgodi wangali wakihitaji kibali chake.

Basi twaacha kwenu maswali matatu. Kwanza, katika kila tani mia, zile zitakazobaki zitawekwa wapi, na mto upi uko karibu? Waulizeni wakubwa katika mikutano ya vijiji, kwa adabu na bila kuchoka, mpaka mjibiwe kwa maandishi. Pili, shule na zahanati zikijengwa kwa fedha za mgodi, ni nani atakayezitunza fedha hizo zikikoma? Kitu ambacho kijiji hakikujifunza kukitunza wakati wa neema hakiwezi kukitunza wakati wa dhiki. Tatu, kila nyumba ijiulize, je, tumeacha sehemu ya kurudia?

Ninyi walimu, swali la kwanza lapasa kuanzia darasani. Chukueni mawe mia madogo, myaweke mezani. Ondoeni mawili, mmpe mtoto mmoja atoke nayo nje ya mlango. Kisha waulizeni waliobaki, "Hayo mengine ni ya nani?" Sisi tulifanya hivyo tuliporudi, katika darasa la sita la shule yetu moja. Watoto walikaa kimya, hata msichana mmoja akasema, "Ni yetu, Mwalimu, kwa sababu ndiyo yaliyobaki nasi." Hatukuwa na jibu lililo bora kuliko hilo.

Na yule kijana? Wengi wametuuliza. Aliuza sehemu ndogo ya bondeni, ile isiyofaa kwa migomba, akanunua bati za vyumba viwili. Shamba lililobaki amelipanda kahawa mpya kati ya migomba ya baba yake, na jina la mkewe limeandikwa pamoja na lake katika hati. Pengine mgodi utamtajirisha, pengine hautamtajirisha. Siku tulipomtembelea alikuwa akikata majani makavu ya migomba, na juu ya kizingiti cha mlango wake palikuwa na jiwe moja la kijivu, ukubwa wa yai, alilolichukua kando ya Nyamwamba pasipo sisi kujua. Anasema wageni humwuliza la nini, naye huwafundisha hesabu.